Nilivyougeuza Mkono wa Mama

Mdogo wangu Zaina,

Nimekaa barazani kwako Buswelu, kwenye kile kiti ulichonikataza kukiegemeza ukutani, na nina jambo ambalo Ijumaa nilishindwa kulisema kaburini kwako. Nilisoma dua, nikang'oa majani, nikaondoka kama mtu aliyeitwa haraka, na hakuna aliyeniita.

Kwanza habari za nyumbani. Mpangaji wako wa chumba cha uani ameoa. Ziwa limepanda, yale mawe tuliyokuwa tukianikia dagaa wa shangazi hayaonekani tena. Nikipita Igoma watu bado wananisimamisha kunipa pole, na wengine wananiuliza ulikuwa ukifanya nini hasa huko Uarabuni, maana walidhani ulikuwa mpishi kwenye nyumba ya tajiri. Nami nawaeleza, unanijua. Nawaambia ulikuwa mhariri wa vitabu vya watoto Cairo, tena vya Kiarabu, lugha uliyojifunza ukubwani. Nawaambia ulihamia Amman, ukaacha meza ya ofisi na kuanza kuvipeleka vitabu vyenyewe kwenye kambi za wakimbizi, kwa sababu mtoto aliyekimbia vita hupewa blanketi na unga, na hakuna anayekumbuka kwamba jioni alikuwa akisimuliwa hadithi. Nawaeleza vizuri kabisa. Kueleza ndiko kulikoniponza.

Kile kitabu chako cha mkate, cha msichana na bibi yake wanaomkirimu mgeni, kimetoka kwa Kiswahili. Tafsiri uliimaliza mwenyewe kitandani ukiumwa, ukaniachia kazi ya kukisimamia kiwandani ili kiende kwa watoto wa kambi za Kigoma. Nilikwenda nacho Nyakato, kwa Masunga mchapaji. Akafunua, akacheka.

"Mwalimu, huyu binti anampelekea mgeni mkate, au amekwisha kumnyima anarudi nao nyumbani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutokea upande ambao sisi tunafungia, kwa hiyo msichana wako anatembea kuelekea kushoto, kule ukurasa unaofuata uliko. Ukikipanga kwa Kiswahili bila kugusa picha, anaonekana anarudi alikotoka. Masunga akasema kompyuta inaweza kuzigeuza picha zote, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Nikakubali. Nikamweleza hata kwa nini ni jambo la busara.

Na wewe ulikuwa umeniambia. Nilikuwa nakumenyea chungwa, ukasema, "Kaka, picha za kitabu cha Kiarabu hazigeuzwi hivi hivi, kuna..." Sikukuacha ufike mwisho. Nikaanza kukufundisha habari za maandishi ya kulia na ya kushoto, wewe uliyezeekea kwenye kazi hiyo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatabasamu, ukasema, "Haya, Kaka." Nikadhani nimekuelimisha. Sasa najua ulikuwa umechoka.

Vitabu vikaenda. Siku ya kuviaga nilitoa hotuba ndefu. Nilikuwa nimesahihisha kila nukta na kila mkato, hakuna herufi iliyonipita. Mkono hata mmoja sikuutazama.

Kisha akanipigia simu Neema, yule binti anayewasomea watoto kambini. "Shikamoo, Mwalimu. Watoto wamekipenda. Ila wazazi wananiuliza, kwa nini watu wote humu wanakula kwa kushoto? Na huyu bibi anampa mgeni mkate kwa kushoto. Mama mmoja amekifunga, akanirudishia. Amesema tayari wamedharauliwa vya kutosha njiani."

Unajua nilifanya nini, Zaina? Nilimweleza. Nikasema ni picha tu, nikasema habari za kioo na kompyuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama wewe, akasema, "Sawa, Mwalimu. Nimwambie hivyo yule mama?"

Nikamwambia asubiri, nitampigia.

Nilipokata simu nikachukua kitabu, nikafungua ukurasa wa bibi. Nilikuwa nimeuona mara nyingi. Umemvisha kanzu na ushungi wa kule, umemwekea mkate ambao hakuwahi kuuoka maishani mwake, lakini kwenye mgongo wa mkono kuna kovu la kuungua, refu, limepinda karibu na kidole gumba. Lile la sufuria ya uji. Ulimwelekeza mchoraji akuchoree Mama, na hukumwambia mtu.

Mama, aliyekuwa akitupiga kikofi kidogo kwenye mkono wa kushoto ukisogea tu karibu na sinia. "Huo wa kazi nyingine, huu wa watu." Wageni wangapi wamekula nyumbani kwetu, kutoka Ukerewe, kutoka kila mahali, na kila mmoja alipokea kwa mkono ule wenye kovu. Mimi nimeuhamishia kushoto. Nimemsimamisha Mama mbele ya watu waliokimbia makwao, nikamfanya awatupie chakula kama mtu asiyewataka. Na juu ya jalada ni jina lako, si langu.

Nimempigia Neema tena, nikamwomba amtafute yule mama, amwambie kosa ni la mzee mmoja wa Mwanza aliyeshauriwa asisikie. Vitabu vinarudi. Mchoraji wako wa Amman nimemwandikia, na safari hii nimeuliza swali moja tu: tufanye nini? Amejibu kwamba picha zote zirudi zilivyokuwa, na zile chache za msichana akitembea atazichora upya, aende upande wetu na mkate mkono wa kulia. Ndivyo mlivyokuwa mkifanya siku zote, amesema. Nadhani ndiyo sentensi ile niliyokukatiza.

Pumzika, mdogo wangu. Mungu akupanulie ulipo, akukutanishe na Mama, na kama atauliza ni nani aliyeugeuza mkono wake, mwambie mimi ndiye. Kitabu kikiwa tayari nitakipeleka Kigoma mwenyewe. Nitamtafuta yule mama, nitampa kwa mkono wa kulia, nami nitanyamaza, nimwache aseme yeye mpaka amalize.

Kaka yako.