Nukta Iliyotoka Nje ya Pembetatu

Mwanangu Zuhura,

Tangu uende Dar es Salaam kufundisha uchoraji, ghala letu hapa Naif, huku ughaibuni, lina utaratibu, na utaratibu huo siupendi. Hakuna anayepuliza rangi kwenye mbao za makasha kabla sijamaliza chai. Sakafu ni safi. Nimeamua kukuandikia barua kamili, kwa sababu ujumbe wako wa simu umejaa maneno yaliyokatwa mikia, nami sikukulea hivyo.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule nilipokupa kopo la kwanza la rangi nyeusi, utie alama kwenye marobota yanayokwenda Zanzibar. Alama yetu aliibuni babu yako: pembetatu yenye nukta mbili ndani. Nilikufundisha kwamba kuli wa bandarini lazima aitambue akiwa mbali, hata kama hajui kusoma, hata kama robota limelala ubavu. Mstari uwe mnene. Rangi isichuruzike. Ilipochuruzika nilikuamuru uanze upya, nawe ulianza upya bila kununa, au ulinuna ukiwa umenipa mgongo.

Baadaye ukahamia kwenye mbao za makasha yaliyovunjika, kule juu ya paa. Ulichora nyuso, njiwa, wanawake wanaojadiliana bei. Mbao hazikukutosha, ukataka kuta. Nilikwambia, “Ukuta una mwenyewe.”

“Basi, baba, nitamwomba mwenyewe.”

Ukamwomba. Ulizunguka mji huu na mbao zako kwapani, ukikataliwa kwa upole na kwa ukali, mpaka chuo kimoja kikakupa ukuta wa uani, uuchore pamoja na wanafunzi wake. Sharti lilikuwa moja. Siku ya ufunguzi, wageni wasipopendezwa, kazi yote ingefunikwa kwa rangi nyeupe. Madebe ya rangi hiyo yaliwekwa pale pale uani, nanyi mkafanya kazi mkiyatazama.

Uliwaleta wanafunzi ghalani. Ukawaonyesha marobota, kisha ukamtaka kila mmoja abuni alama ya kwao ya kuchorwa ukutani. Msichana wa Kerala alichora jiwe la bibi yake la kusagia. Kijana wa Khartoum alichora birika la kahawa. Ulikuwa mkali kwao, nami nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwako: “Mstari mnene! Kuli ataonaje hapo?”

Yako uliichora sakafuni kwa chaki. Ilikuwa pembetatu yetu, lakini nukta moja ilikuwa nje.

“Nukta imeponyoka,” nilisema.

“Haikuponyoka, baba. Imetoka kwenda matembezi.”

Mwangi, mfungaji wetu wa mizigo, akaacha kamba yake. “Mzee, hiyo nukta imepata viza kweli? Kafili wa kuidhamini ni nani?”

“Kafili wake ni mimi,” nikajibu, na nyote mkacheka. Mimi sikucheka mbele yenu.

Siku ya ufunguzi nilivaa kanzu mpya. Madam, mkuu wa chuo, alisimama mbele ya ukuta wako akiwa amekunja mikono. “Mbona ni kama ghala la mizigo?” akauliza. Nilikutazama. Wewe ulitazama lango.

Wazazi walikuwa wanaanza kuingia. Mama mmoja mwenye sari ya kijani alisimama langoni, akamshika mumewe mkono na kunyoosha kidole: “Jiwe letu! Lile kule, jiwe la mama!” Hakuna aliyemwelekeza. Baba wa kijana wa Khartoum naye akaliona birika akiwa hata hajavuka lango, akaanza kuita jina la mwanawe kwa sauti isiyofaa kabisa mahali pa elimu. Kila mzazi aliyefika alitafuta chake, akakipata kutoka mbali.

Madam alikunjua mikono. Akamgeukia mlinzi wa uwanja. “Yalla, ondoa madebe haya. Khalas.”

Mimi nami nilikuwa nimeiona yako tangu langoni, mwanangu. Nilizitazama kingo zake kwa makini, nikitafuta mahali palipochuruzika. Sikupaona.

Nilipita chuoni juzi. Ukuta upo, na wanafunzi wapya wameanza kuongeza alama zao upande wa chini. Nilimwambia mmoja wao kwamba mstari wake ni mwembamba. Akaniuliza mimi ni nani, nikamwonyesha alama yako, nikasema, “Huyo ni binti yangu.”

Kasha la rangi ulizoagiza limeondoka leo. Mwangi alitaka kutia pembetatu yetu kama kawaida, nikalichukua kopo mkononi mwake, nikatia alama mwenyewe. Ukifika bandarini usiulize jina wala namba. Simama mbali, uitafute pembetatu yenye nukta moja nje.

Haikuchuruzika.

Mungu akutunze na akuzidishie kazi.

Baba yako,
kafili wa nukta