Mtutu Usio na Muhuri

KITUO CHA POLISI SUHL, THURINGIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Irmtraud Anding
Umri: Miaka 71
Kazi: Mstaafu. Msuguaji wa mitutu ya bunduki kwa miaka 46
Makazi: Kijiji cha Hasselgrund, nyumba namba 14
Tarehe: Alhamisi, 19 Oktoba 2023, kuanzia saa 3:10 asubuhi
Yamepokewa na: Sajini Jörn Liebaug

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya bunduki ya jirani yangu, Bwana Ottmar Reum, mliyoichukua nyumbani kwake siku ya Jumatatu. Mnasema mtutu wake uliibwa kwenye kiwanda cha bunduki nilichofanyia kazi. Haukuibwa. Niliutengeneza mimi.

Hapo Sajini Liebaug aliweka kalamu chini. Aliniambia, "Mama Anding, ngoja kwanza. Kutengeneza mtutu bila leseni ni kosa. Una haki ya kunyamaza, na mimi sitakulaumu." Nilimjibu kwamba nimeshanyamaza siku tano na zimenitosha. Nilimwomba aendelee kuandika.

Nilianza kazi kiwandani mwezi Septemba 1968 nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu mwanzo niliwekwa kwenye kusugua. Kusugua mtutu ni hivi. Unayeyusha madini ya risasi, unayamwaga ndani ya mtutu kuzunguka ncha ya ufito wa chuma, nayo yanaganda yakiwa na umbo la ndani la mtutu wenyewe. Kizibo hicho unakipaka mafuta na unga wa kusagia, halafu unakivuta na kukisukuma, kwenda na kurudi, huku mkono ukisikiliza. Panapobana unasugua. Palipolegea unapaacha. Jicho halioni kitu mle ndani. Siri ya mtungi muulize kata, na kata nilikuwa mimi.

Mitutu iliyopita mikononi mwangu imeshinda medali katika nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga. Juu ya kila mmoja limechongwa jina la kiwanda. Kiwanda kilibadilisha wenyewe mara tatu na jina likabadilika mara tatu, lakini mkono ulikuwa uleule. Sikuwahi kulalamika. Mshahara nilipata.

Mnamo tarehe 30 Juni 2015 niliagwa. Walinipa maua na hotuba. Mimi niliomba kitu kimoja tu, mtutu mbichi, ambao haujamaliziwa, uliokuwa umekataliwa na kutupwa kwenye pipa la chakavu. Msimamizi alicheka, akaniambia nichukue, utanifaa kushikilia mche wa nyanya. Ulikataliwa kwa sababu sentimita kumi na tisa kutoka nyuma palikuwa na mahali palipolegea, urefu wake kama ukucha. Niliufunga kwenye foronya, nikauweka kabatini, ukakaa miaka sita na zaidi.

Mwezi Februari 2022 Bwana Reum alikuja kunitolea theluji mlangoni, kama afanyavyo kila mwaka tangu mume wangu Egon afariki. Bwana Reum ana miaka 64 na ni nahodha wa klabu yetu ya shabaha. Bunduki yake ni ya risasi ndogo, ile ya mita hamsini, na alikuwa amepiga nayo miaka arobaini bila kubadilisha mtutu. Mwaka huo klabuni walikuwa wanamuuliza kama ile ni bunduki au mkongojo. Alikunywa kahawa jikoni kwangu akafungua katalogi ya mitutu mipya. Akasema, "Irma, mtutu wangu umekwisha kama meno yangu." Nilimwambia, "Meno siwezi. Mtutu naweza. Funga hilo daftari."

Kuanzia Machi 2022 hadi Mei 2023 niliusugua ule mtutu uliokataliwa, kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha chini nyumbani kwangu. Kwa kuwa palipolegea hapawezi kubanwa tena, ilibidi sehemu nyingine zote zisuguliwe zipafikie pale, sehemu moja ya elfu ya milimita baada ya nyingine, kisha sentimita sita za mwisho mdomoni nikaziacha zibane kidogo, kwa sababu risasi ndogo hupenda kushikwa inapotoka. Wenye akili zao wangeutupa. Mimi nilikuwa na muda, na nilikuwa na hasira kidogo juu ya zile nyanya.

Mume wangu alikuwa fundi bunduki mwenye leseni. Leseni alikufa nayo, mashine yake ya kukereza aliniachia. Mwezi Septemba mwaka huu niliukereza mtutu kwa nje, nikakata chemba ya kukalia risasi, nikaufunga kwenye bunduki ya Bwana Reum. Niliifunga bunduki kwenye gurudumu la gari machimboni na kuifyatua kwa kamba mara hamsini, mimi nikiwa nyuma ya jiwe. Najua hilo halihesabiki kisheria. Nalisema ili ijulikane kwamba sikumpa jirani yangu kitu cha kumng'oa jicho.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mtutu mpya lazima upelekwe kwenye ofisi ya kujaribia mitutu, upigwe muhuri, kisha mwenye bunduki auandikishe kwenye kitabu chake cha silaha ndani ya wiki mbili. Kila mtu hapa analijua hilo, hata waoka mikate. Mnamo Jumatatu tarehe 2 Oktoba, saa 4:00 asubuhi, nilikwenda kwenye ofisi hiyo nikiwa na bunduki kwenye mkoba wake. Nilipewa fomu. Fomu inauliza mtengenezaji na namba ya leseni yake. Nilikaa na fomu ile magotini dakika ishirini.

Fundi mmoja wa mjini mwenye leseni, aliyemfahamu Egon, alikuwa kwenye foleni. Aliichungulia fomu yangu, akaelewa. Alisema, "Nipe mimi, Mama. Naijaza kwa jina langu, kesho kutwa una muhuri." Alikuwa ananisaidia kwa moyo mweupe. Ningekubali, leo nisingekuwa hapa na Bwana Reum asingeitwa mwizi. Lakini kwenye nafasi ya mtengenezaji lingeandikwa jina lake. Nilifikiria miezi kumi na minne ya kusugua. Nilimshukuru, nikarudisha fomu ikiwa tupu, nikapanda basi la kurudi kijijini.

Tarehe 9 Oktoba nilimkabidhi Bwana Reum bunduki yake. Aliniuliza kama muhuri umepigwa. Nilimwambia umepigwa, uko upande wa chini, mti wa bunduki, ile mbao inayoushika mtutu, umeufunika. Huo ulikuwa uongo, na ni wangu peke yangu. Yeye alipanga kwenda kuuandikisha Jumatatu iliyofuata, ndani ya wiki zake mbili. Hilo naomba liandikwe wazi, na Sajini ameliandika.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Oktoba, kuanzia saa 4:00 asubuhi, yalifanyika mashindano ya mwisho wa msimu kwenye uwanja wa klabu yetu. Watu wa klabu ya kiwandani walialikwa. Mimi niliketi benchi la nyuma na keki yangu ya plamu. Bwana Reum alilala kwenye mkeka wake, akapiga risasi sitini. Rekodi yake ya maisha ilikuwa pointi 574 kati ya 600. Siku hiyo alipiga 596. Karatasi za shabaha zilipoletwa na kutundikwa ukutani, matundu yalikuwa yameingiliana kiasi kwamba kwenye moja ungeweza kuyafunika yote kwa kifungo cha shati. Watu walipiga makofi. Mkongojo haukutajwa tena.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya mbele ya polisi, nilijivuna. Nilizitazama karatasi zile kama mtu anavyotazama mtoto wake akisoma kwa sauti kanisani.

Ndipo akaja Bwana Henning Catterfeld, mkuu wa ukaguzi kiwandani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Catterfeld anaijua mitutu, na kumwaga madini ya risasi alifundishwa na mimi, mwaka 1988. Aliomba kuiangalia bunduki. Bwana Reum, kwa kujidai, alifungua skrubu mwenyewe akautoa mti ili mgeni aone vizuri. Chini hapakuwa na muhuri. Bwana Reum alipaona palipo patupu wakati mmoja na wengine wote.

Catterfeld aliumulika mtutu kwa tochi, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasema mbele ya watu, "Mtutu kama huu hautoki karakana ya uani. Huu umetoka kwetu, na mwezi huu stoo yetu imepungukiwa na mtutu mmoja." Katika maisha yangu yote sijawahi kusifiwa kama nilivyosifiwa na sentensi ile, na ilikuwa tuhuma ya wizi.

Bwana Reum aliulizwa ameutoa wapi. Alinitazama mara moja tu, kisha akageuka. Alijibu, "Kwa mtu ninayemwamini. Jina sisemi." Mimi nilikuwa hatua sita kutoka hapo, nina keki mkononi. Sikufungua mdomo. Hilo naliona aibu kuliko kosa la leseni.

Mnamo Jumatatu tarehe 16, saa 1:20 asubuhi, nikiwa dirishani, niliona askari wawili wakitoka kwa Bwana Reum na bunduki zake zote na kitabu chake cha silaha. Jioni yake klabu ilimwomba akae pembeni na unahodha mpaka mambo yaeleweke. Jana, saa 10:00 alasiri, nilikwenda kwake. Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia nakuja kwenu polisi. Alisema niache mambo ya kijinga, watu watamwita mwizi, watachoka, watapata mwingine. Nilimwambia kwamba kuhusu muhuri nilimdanganya. Aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Akasema, "Ulinidanganya." Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini mtutu haukunidanganya." Halafu akanipa kisu cha pili, tukamenya viazi vilivyobaki.

Leo baada ya kueleza haya, Sajini Liebaug aliniuliza nitathibitishaje, maana mtu anaweza kudai chochote ili kumwokoa jirani. Nilimwambia amwite Catterfeld, aje na ufito na kidonge cha madini ya risasi. Amefika saa 4:40. Bunduki ililetwa kutoka stoo ya vielelezo ikiwa tupu, bolti imetolewa. Niliomba nigeuziwe kiti, nitazame ukuta.

Kabla hajasukuma chochote, nilisema: kuanzia nyuma mkono utakwenda sawasawa hadi sentimita kumi na tisa. Hapo ufito utapumua, kama mtu aliyekosa ngazi moja. Baada ya hapo sawasawa tena, hadi sentimita sita za mwisho, ambapo kidonge kitaanza kubanwa polepole hadi kitoke. Na nilisema kwamba mtutu wowote wa stoo ya kiwanda, ukiwa na pumzi hiyo, usingepita kwenye meza ya ukaguzi, maana mezani anakaa yeye.

Nilisikia ufito ukiingia. Alisukuma mara ya kwanza. Akarudia. Mara ya tatu alipofika pale alisimama. Sajini alipima kwa rula akapata sentimita kumi na tisa kasoro milimita mbili. Milimita hizo mbili nazikubali, nina miaka sabini na moja.

Catterfeld aliuchomoa ufito. Kisha alisema, na Sajini amemsikia, "Mama Irma, huu si wetu. Wetu uliopotea ni mzuri. Huu ni mzuri zaidi." Ameahidi kuandika hivyo kwenye barua ya kiwanda kabla ya kesho mchana, na kusema hivyohivyo klabuni, mbele ya walewale aliosema mbele yao.

Sajini amenieleza kwamba jalada la wizi dhidi ya Bwana Reum linakosa msingi, na kwamba jalada jipya litafunguliwa juu yangu. Ameniuliza kama ninaelewa. Ninaelewa. Ameniuliza kama ninajuta. Ninajuta uongo niliomwambia jirani, na ninajuta kukaa kimya kwenye benchi. Mtutu siujutii. Hakimu akiniuliza, nitamjibu hivyo.

Nina ombi moja. Fomu ya kielelezo iko hapa mezani na nimeisoma kichwa chini miguu juu tangu asubuhi. Kwenye nafasi ya mtengenezaji mmeandika "hajulikani". Naomba parekebishwe.

Niliyoyatenda na niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, sikupunguza wala kuongeza, na natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) I. Anding

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alionywa haki zake saa 3:25 asubuhi na akachagua kuendelea. Alipitia maelezo yake mwenyewe na kurekebisha mahali pamoja: nilipoandika "mtutu wa kienyeji" alitaka nifute neno "kienyeji", nikafuta. Kwenye fomu ya kielelezo nimelikata neno "hajulikani" mbele yake na kuandika "Irmtraud Anding, Hasselgrund". Aliniomba nimpe ile karatasi aisome. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akauliza kama herufi hizo zinabaki kwenye jalada hata kesi ikiisha. Nilimwambia zinabaki. Ameondoka kituoni saa 6:05 mchana.

(Sahihi) J. Liebaug, Sajini