Ndege Zisizokuwapo Kwenye Shimo Jeusi

Temeke, Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na mie moyo umeniinama.

Nina aibu.

Jana alasiri darasa letu la watu wazima lilipata mgeni, mtaalamu wa nyota kutoka ng'ambo. Mwenyekiti wa tawi akatafuta mkalimani. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Mie si ndiye mwalimu wa Kiingereza? Nyota zingenishinda nini?

Nilianza vizuri. Nikaeleza kwamba shimo jeusi huvuta kila kitu, hata mwanga. Kwamba gesi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza kandokando, ikisuguana mpaka inapata moto na kung'aa ajabu.

Kisha mgeni akataja jeti.

"Na hapo," nikasema kwa sauti ya kujiamini, "huruka ndege mbili za jeti, kwa mwendo unaokaribia wa mwanga!"

Ukumbi ukaguna kwa mshangao. Jirani yangu Bi Mwajuma, muuza vitumbua, akasimama. "Mwalimu, hebu muulize mgeni, hizo ndege anaziendesha nani?"

Nikamgeukia mgeni, lakini swali nililomuuliza lilikuwa langu: hizo jeti ni kitu gani hasa?

Akanieleza kwa upole. Ni gesi ileile. Ikishavuka ukingo wa shimo hairudi tena, ila kabla ya kufika huko, nguvu za sumaku huikamata sehemu yake na kuirusha nje, mkondo mmoja juu na mwingine chini.

Nikawageukia wenzangu. "Anasema hilo bado wanalichunguza."

Wakapiga makofi. Mgeni naye akapiga, akidhani wamelifurahia jibu lake.

Leo asubuhi nilimkuta Bi Mwajuma bombani, anawasimulia kinamama habari za ndege za angani. Mmoja akabisha. Bi Mwajuma akamkata: "Kasema Mwalimu mwenyewe!"

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Sikusema. Nilisubiri kinamama waondoke, ndipo nikamfuata.

"Bi Mwajuma, jana niliwadanganya. Hakuna ndege. Sikulielewa neno, nikaona haya."

Nikamweleza yote, gesi na sumaku. Jumamosi nitasimama ukumbini niwaeleze na wengine, hilo nimemwahidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo.

"Haya, nimeelewa. Lakini mwanangu, sie tuliokuja pale wote tulikuja kwa sababu hatujui. Wewe ulimwonea haya nani?"