Jina ya Baba Mukwe

Léocadie, nimekwisha! Kuja unitoe hapa!

Ile radio transistor mupya imetaja jina ya baba mukwe wangu: wanamungoja ku ndoa, kule Ruziba. Ndoa tu, Léo! Muzee masikio yake nzito, akaniuliza: "Wamesema nani?"

Ningejibu nini? Muke anatajaka jina ya baba mukwe? Ni mwiko! Nikasema: "Wametaja mukubwa wa hii nyumba."

Mukubwa wa nyumba! Ile saa radio inatangazaka ndoa na vifo; muzee akafikiri ni Melchior, bwana yangu, ndiye wametangaza kifo yake. Akapiga kelele ya kilio. Sasa mutaa yetu nzima ya Cibitoke iko mu kiwanja yangu, wanalia, wananiita mujane. Nimejifungia mu chumba na hii simu.

Léo, Melchior ametoka kazi. Namusikia pale mulangoni, anauliza polepole: "Nani amekufa?"