Mlio Juu ya Mwezi wa Mbao

4 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na goti limepunguza makali. Mimi mzima, moyo tu ndio haujatulia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia, na wewe utajifanya mtandao unakatika.

Kwa nini ulinifanyia vile? Tiketi zile nilizipangia foleni asubuhi nzima. Kundi lile la waimbaji huzunguka mji hadi mji, likipita limepita. Wewe mwenyewe ulipiga pasi shati mara mbili. Nusu ya kwanza ya mchezo tulicheka mpaka watu wa mbele wakatugeukia. Kisha yule dada akapandishwa hewani, amekaa juu ya mwezi wa mbao, anaimba, ukumbi mzima kimya, na baba yangu anasimama: "Mshusheni! Mshusheni huyo mtoto!"

Walinzi walitutoa kama vibaka. Bosi wangu alikuwa safu ya tatu. Sasa ofisini wananiuliza mzee anaendeleaje, kwa ile sauti ya kuulizia mgonjwa.

Najua tangu ile ajali ya kazini unaogopa. Fundi lifti mzima huingii lifti, mtaani wanakuita Mzee wa Ngazi na unacheka nao. Nimevumilia. Ila safari hii hofu yako imenivua nguo mbele za watu.

Mwanao,
Kasuku

9 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, usilihangaikie. Nimekupigia mara sita hupokei, basi nami naandika.

Nisamehe kwa aibu niliyokutia. Kwa kupiga kelele siombi msamaha. Mwezi ulipopanda nilisikia tik. Ukashuka kidogo, tik tena. Wewe ulisikia wimbo. Mimi nimesikiliza waya za lifti miaka thelathini, na ule ni mlio wa uzi wa chuma unaokatika ndani ya waya.

Kuna jambo sikukuambia. Mlio huo niliusikia wiki moja kabla mwenzangu wa kazini hajaanguka na lifti, yule wa kwenye picha ya sebuleni. Niliona haya kusimamisha kazi kwa sababu ya mlio tu. Nilichelea kuchekwa, nikanyamaza. Wewe unadhani naogopa lifti. Naogopa kunyamaza tena.

Nimewapigia watu wa kundi. Walipojua ni yule mzee wa kelele, wakakata. Tarehe kumi na sita wanaanza maonyesho mji wa pili, saa mbili tu kwa basi kutoka kwako. Nenda. Mwambie fundi wao achukue kitambaa, akishike kuzunguka waya, akipitishe taratibu juu mpaka chini. Uzi uliokatika macho hayauoni kwenye grisi, ila kitambaa kitanasa. Asitumie mkono mtupu, utamchana.

Kisiponasa, niite mwendawazimu, sitakubishia.

Baba yako

14 Juni

Kasuku,

Hujambo? Barua ilifika? Simu bado hupokei.

Yule dada ni rika lako. Mama yake huko aliko anajua mwanawe yuko kazini, anaimba. Jana nilijikokota mpaka kituo cha basi, goti likagoma kupanda, kondakta akaniambia nirudi nyumbani.

Zimebaki siku mbili, mwanangu. Niandikie hata kama ni tusi.

Baba yako

17 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya kwanza niliitupia kwenye droo bila kuifungua. Ya pili ilipofika jana asubuhi ndipo nikazisoma zote, nimesimama mlangoni. Sikurudi ndani hata kubadili viatu, nikakimbilia basi la huko.

Fundi wao alinicheka. "Wewe ndiye binti wa yule mzee? Waya tumeukagua." Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikamwekea mkononi. Akakipitisha ili niondoke, huku anapiga mluzi. Karibu na roda, lile gurudumu linalopitisha waya, kikanasa. Akavuta, kikachanika. Mluzi ukakoma. Alipofuta grisi alihesabu nyuzi tisa zilizokatika, akakaa chini sakafuni. Yule dada alikuwa pale pale na kitana mkononi, anauliza, "Kuna nini?"

Zilikuwa zimebaki saa tatu onyesho lianze. Jioni ile aliimba amesimama chini.

Kitambaa nimekiweka humu kwenye bahasha.

Baba, leo asubuhi nilipanda lifti ya ofisini. Watu tisa, na bosi wa kumi. Baada ya ghorofa ya nne nikasikia tik. Labda si kitu. Lakini nikabonyeza ya tano, mlango ulipofunguka nikajisikia napiga kelele: "Tokeni! Tokeni wote!" Wakatoka. Wananiangalia kwa lile jicho walilokuangalia wewe. Nilisimama mbele ya mlango ule mpaka wakaifunga lifti. Fundi wa lifti wa ofisini anasema ni nzima, kesho wataifungulia.

Nimekutumia nauli ya teksi mpaka mlangoni. Njoo uisikilize. Ngazi tutapanda polepole.

Mwanao,
Kasuku