Wapi Mpige Hema

Kwa dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji ameacha kukohoa kwa makusudi kila ukimwomba afunge dirisha. Sisi huku hatujambo. Mgongo unanikumbusha umri, lakini ukiniona utadhani kijana. Jana tu nimehamisha kabati la nguo peke yangu, na majirani wawili walikuwa wameshindwa nalo. Wifi yako anasema kabati lilikuwa tupu. Ndivyo alivyo, unamjua.

Dada, nimechoka. Nimechoka na binti yako mwalimu, na nimechoka na mumeo. Tangu waseme wanakwenda kulala milimani siku tatu na wale wajukuu zako wawili, simu yangu haipoi. Mwalimu alianza vizuri, akasema mjomba ndiye anayeijua milima, basi niwaambie wapige hema wapi. Nikamwambia kando ya kijito. Kesho yake akauliza maji yako hatua ngapi kutoka hapo. Hatua ngapi! Nani anahesabu hatua mlimani? Nikasema arobaini. Akauliza arobaini za mtu mzima au za mtoto. Akauliza upepo unatoka upande gani, ardhi ina mawe au udongo, jua linachomoza mbele ya mlango au nyuma. Mwisho akaja huku na baba yake na watoto, akanitandikia ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli za rangi, akataka niweke alama pale pale. Niliishika kalamu ile kama mtu anayetia sahihi talaka, nikaiweka chini.

Shemeji ndiye balaa zaidi. Yeye anataka mahali gari linapofika, penye kivuli, pasipo na mbu, na penye kiti. Nilimuuliza kama anakwenda milimani au kwa kinyozi. Akanuna, akasema miaka yote hii hajaona hata picha yangu moja nikiwa mlimani. Nikamjibu kwamba nilikuwa kazini, sikwenda kupigwa picha. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Hasira ikanipanda, nikaanza kusimulia upya. Nikawaambia jinsi upepo wa kwenye uwanda wa juu ulivyobeba sufuria ikiwa motoni, tukaikuta ng'ambo ya bonde chai imeshaiva. Nikawaambia habari za chui aliyeingiza kichwa hemani, nikamzaba kofi, akaniomba radhi kwa macho. Wajukuu zako wakashangilia, nami nikazidi kupata moto. Nilipofika penye kijito nikapapamba hasa: nyasi kama zulia, mchanga mweupe, maji yanaimba karibu na mlango. Yule mdogo wa miaka mitano akasema hapo hapo, hataki kwingine. Mwalimu akaweka alama, akaipeleka ramani ofisi ya hifadhi. Pale hawakatazi, wanaandika tu unakolala ili wajue pa kukutafuta. Wanaondoka Jumamosi, na kiongozi wa njia aliyeandikwa ni mimi.

Sasa kaa chini kama umesimama. Dada, mimi sijawahi kulala mlimani. Hata siku moja. Ile kazi yangu ya miaka kumi na moja katika ofisi ya hifadhi, nyote mnaamini nilikuwa naongoza wageni. Nilikuwa stoo. Chumba cha nyuma, dirisha moja, meza ndefu, ndoo mbili na sindano ya kushonea turubai. Wenzangu walipanda, mimi nilibaki. Waliporudi walinibwagia mahema mezani, nikayakung'uta, nikayaosha, nikayaanika, nikashona palipochanika. Hadithi zote nilizipokea pale pale mezani. Chumvi niliitia mwenyewe.

Lakini hapa sitii chumvi. Nilikuwa nikifungua hema najua limetoka wapi kabla mtu hajafungua mdomo. Ya uwanda wa juu yalirudi kamba zimekatika na vigingi vimepinda. Ya kando ya kijito yalirudi na mchanga kwenye mishono. Si sakafuni tu. Juu, kwenye mshono wa dirisha, kimo cha kifua changu. Mchanga haupandi wenyewe. Mvua inanyesha vileleni, huko chini watu wanaota jua, na maji yanawashukia kwa mkupuo. Mwaka wangu wa nne familia moja ilirudi bila hema kabisa. Walirudi wote, nashukuru. Baba mtu alisimama mbele ya meza yangu pekupeku, amempakata mtoto, akaniomba radhi kwa kupoteza mali ya ofisi. Nikampa fomu ajaze. Halafu nikaja kwenu kukisifia kijito kile kile, mchanga wa mishononi nikaumeza, maana mngeniuliza niliuonea wapi.

Nimejaribu kumgeuza mwalimu kwa simu. Nikasema labda wabadili mahali. Akauliza kwa nini. Nikasema nyasi zimekauka. Akasema watatandika turubai. Nikasema siku hizi kuna siafu. Akauliza wa aina gani! Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Wakapige hema ukingoni mwa msitu, kule mwinukoni kupita daraja la magogo. Mahema ya huko yalirudi na majani makavu na harufu ya moshi, basi. Nilikuwa nikiyadharau, hayakuwa na la kusimulia. Maji yako mbali, watabeba madumu. Shemeji atalalamika, mwache alalamike akiwa mkavu.

Nilitaka nikuombe useme kwamba ni ofisi iliyobadilisha. Nimeandika hivyo, nikaichana karatasi. Binti yako atauliza na kuuliza mpaka uongo uishe, na akikosa sababu atarudi kwenye kijito chake. Sababu ninayo moja tu, na haiwezi kusemwa bila kusema nilikuwa stoo. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningepiga chenga tena. Dereva wa basi atakukabidhi barua hii mkononi. Msomee mwalimu yote, usiruke mstari. Shemeji akiwa hapo, na asikie, na acheke atakavyo.

Wifi yako anakusalimu sana. Nisalimie wajukuu, na goti hilo ulikande. Ijumaa nitakuja. Wakinitaka bado, nitatembea nyuma yao na dumu langu, wakinikataa nitakaa nawe mpaka warudi. Mwalimu akikubali kuihamisha ile alama, nitumie ujumbe wa neno moja tu, amekubali. Aliyoyasema kunihusu usiyaandike.

Ni mimi mdogo wako,
mtunza stoo.