Fimbo za Mzee Walta na Meza Yetu

Shively, Louisville

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye umpe shikamoo yake kabla hujasoma zaidi. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua aliyoituma dada Jeni kutoka Columbus ilifika, au bado iko njiani? Sisi ni wazima. Mkweo Riziki anaamka mapema kwenda kiwandani, na watoto wanakua, ila ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

Ningekupigia simu, lakini najijua. Ningezungukazunguka mpaka mtandao ukatike, nami nishukuru. Kwa hiyo nimeandika, na Mama Neema wa Buffalo anayekuja Kigoma atakuletea mkononi.

Baba, nimekusingizia.

Unajua kazi yangu ni kubadilisha mipira ya kushikia kwenye fimbo za gofu. Ni mchezo wa kupiga kipira kidogo kwa fimbo ya chuma mpaka kiingie shimoni. Uso wa kila fimbo umelazwa kwa pembe yake: uliolala sana hurusha mpira juu, uliosimama huupeleka mbali. Kupima pembe hizo si kazi yangu pale, hufanywa na wengine kwa mashine.

Sasa kuna Mzee Walta, tunayesali naye. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, wala hakunipigia kelele hata siku nilipopanda ukingo wa barabara. Alilalamika kwamba fimbo zake za miaka mingi hazimsikii tena, akataka kuzipeleka zikapimwe. Kiherehere kikanipanda. Nikamwambia, "Niachie mimi, mzee. Kupima ni kazi ya kwetu, baba yangu ni fundi mwashi."

Nikazipimia jikoni. Timazi lako ulilonipa siku ya kuondoka kambi ya wakimbizi kuja huku Marekani nililining'iniza kwenye kabati, na kipimapembe nikachukua cha watoto. Mpini nikausimamisha kwa kufuata meza, uso nikaupima kwa kufuata uzi wa timazi. Fimbo zote saba zikaonyesha kasoro ya digrii tatu kutoka pembe inayotakiwa, zote upande mmoja. Mwenye akili angeshtuka hapo, akashuku kipimo chenyewe. Mimi nilifurahi kwamba nimepata kazi ya kufanya, nikazibana kwenye jiliwa moja moja na kuzipinda.

Wiki iliyofuata Mzee Walta alicheza na wenzake. Kila mpira ulipaa juu, ukaanguka karibu, na mingine ikaingia majini. Wakamcheka. Alikuja nyumbani na pimamaji mfukoni, akailaza juu ya meza. Kile kipovu kikakimbilia upande wa dirisha.

Riziki akasema, "Hata mchuzi kwenye sahani hukimbilia huko huko."

"Hukuikagua meza kwanza?" Mzee Walta aliniuliza, kwa upole kabisa.

Baba, wewe hukuniruhusu kugusa tofali kabla sijapima linapokaa. Uliwahi kunibomolesha mistari mitatu ya ukuta kwa sababu niliruka hatua hiyo, na nikalia. Yote hayo yalinijia palepale. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Nimepima kama baba alivyonifundisha."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Usijilaumu. Mtu hufanya alivyofundishwa. Ukimwandikia, mwambie kwa heshima kwamba ni vizuri kuanza na meza."

Alipotoka, Riziki hakunigombeza. Alisema tu, "Kanisa alilojenga baba mkwe kambini bado limesimama wima. Na hayupo hapa hata ajitetee." Akaendelea kuosha vyombo. Nilitamani anitukane.

Nimekaa na aibu hiyo siku tisa. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma ili nitoke mapema. Leo baada ya ibada nimemfuata Mzee Walta kwenye gari lake, nikamwambia ukweli wote: kwamba ulinifundisha vizuri, kwamba uvivu na majivuno ni yangu, na kwamba nilikutupia wewe kosa kwa sababu uko mbali. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Kwa lugha yetu inasema: "Fundi, nisamehe kwa kutaka kukufundisha kazi yako."

Mimi mwanao niliyekukosea nilihitaji siku tisa. Yeye asiye na kosa hakuhitaji hata dakika mbili.

Fimbo nimeahidi kuzirudisha zilivyokuwa, na mwenye mashine kazini amekubali kusimama nami. Moja ina ufa shingoni, hiyo haitapona.

Nisalimie shangazi anayekupikia uji, mdogo wangu aliyerithi mwiko wako wa kujengea, na mchungaji wetu wa zamani. Huyo mdogo wangu msomee barua hii yote, usimfiche kitu.

Jana niliweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya meza. Kipovu kimetulia katikati. Barua hii nimeiandikia hapo.

Mwanao aliyekukosea,
Ezekieli